SOMO LA AFYA: MAABARA YENYE ITHIBATI



Mkulima wa pamba anaijua mizani. Mizani ikiwa mbovu, mkulima anapunjwa. Ndiyo maana mkaguzi huja kuipima mizani na kuipiga chapa. Mkaguzi huyo si mnunuzi wala si muuzaji. Hana upande.

Maabara nayo hupima. Hupima damu, mkojo, choo na makohozi. Je, nani huikagua maabara?

Hatari ya jibu lisilo la kweli

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tunakijua kichocho. Wavuvi, akina mama wanaofua ziwani na watoto wanaooga humo huambukizwa. Kichocho cha tumbo hupimwa kwa choo. Mpimaji hutafuta mayai ya minyoo kwa hadubini. Mpimaji asiyejua kazi huweza kuyakosa. Hadubini mbovu pia huyaficha. Mgonjwa huambiwa, "Huna ugonjwa." Hurudi nyumbani bila dawa. Miaka ikipita, ini lake huharibika na tumbo huvimba. Anaweza kutapika damu na kufa.

Mizani mbovu hupunja pamba. Kipimo kibovu hupunja uhai.

Ithibati ni nini?

Ithibati ni uthibitisho kwamba maabara inaiweza kazi yake. Hutolewa na chombo cha nje, baada ya ukaguzi. Wakaguzi huangalia mambo haya:

1. Je, wapimaji wamefunzwa?
2. Je, mashine zinapimwa usahihi wake?
3. Je, dawa za kupimia zimetunzwa vizuri, na hazijapita muda?
4. Je, jina la mgonjwa limeandikwa kwenye kichupa chake?
5. Maabara ikiletewa sampuli ambayo aliyeileta anajua jibu lake, je, inapata jibu hilo?

Kiwango kinachofuatwa duniani huitwa ISO 15189. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Katika nchi za SADC, chombo kimoja kinachotoa ithibati ni SADCAS, chenye makao Gaborone, Botswana. Hapa Mwanza, maabara ya Hospitali ya Bugando ni miongoni mwa maabara za Tanzania zilizopata ithibati kwa kiwango hicho.

Ithibati haitolewi mara moja ikaisha. Wakaguzi hurudi. Maabara ikizembea, hunyang'anywa. Tena hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa tu, si kwa kila kipimo.

Maabara ndogo je?

Usiikimbie zahanati yako kwa sababu haina ithibati. Maabara ndogo hupanda ngazi kwa ngazi. Mwaka 2009, huko Kigali, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa nyota kwa maabara za Afrika. Maabara hupewa nyota moja hadi tano, kadiri inavyojirekebisha.

Usichanganye ithibati na usajili. Usajili ni ruhusa ya kufanya kazi. Ithibati ni ushahidi kwamba kazi inafanywa sawasawa.

Wewe ufanye nini?

Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kichupa mbele ya macho yako. Omba jibu lako kwa maandishi, ulisome. Sasa unajua kusoma. Ukiambiwa huna ugonjwa na bado unaumwa, rudi upimwe tena.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mkaguzi asiwe mtu wa maabara ile ile?
2. Usajili na ithibati vinatofautianaje?
3. Kamati ya zahanati yenu inaweza kuuliza nini juu ya maabara?