TUJIFUNZE AFYA: KINGA ZA JUA HAZIFANANI



Tunapopita nyumba kwa nyumba, tunakuta wazazi wanaowapaka watoto wenye ualbino mafuta ya mgando, ya nazi au ya mawese, wakiamini wamewakinga na jua. Mafuta hayo hulainisha ngozi tu. Mtoto ataungua, na baadaye anaweza kupata saratani ya ngozi, kwa sababu ngozi yake haina melanini ya kutosha, yaani ile rangi inayozuia mionzi ya jua. Basi tujue kinga zilizopo.

1. KIVULI. Jua ni kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri. Kazi za nje zifanyike kabla au baada ya hapo. Mawingu si kivuli, mionzi hupenya.

2. MAVAZI. Inua nguo kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita, mionzi nayo inapita. Chagua kitambaa kizito, chenye mikono mirefu. Nguo iliyochakaa au iliyolowa hukinga kidogo. Kepu huacha masikio na shingo wazi. Kofia ya ukingo mpana pande zote ni bora, na fundi cherehani anaweza kuishona.

3. LOSHENI YA JUA. Hii hupakwa mahali nguo isipofika: uso, masikio, shingo, mikono. Soma chupa. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na SPF 50 takriban asilimia 98. Kwa hiyo 50 haimaanishi karibu mara mbili ya 30. Paka ya kutosha dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa 2, na baada ya kutoka jasho au kuoga. Losheni iliyopitwa na tarehe isitumike.

Je, losheni ikiisha? Kivuli na mavazi haviishi. Anzeni navyo kila siku. Losheni ni ya kuongezea.

Majirani nao wana sehemu yao. Mwenye ualbino akiwa kwenye foleni ya mgao au ya maji, mpisheni apite mbele. Saa moja juani kwake si sawa na saa moja kwako.

ZINGATIA: Kidonda cha ngozi kisichopona kwa wiki 4, kiwe kidogo namna gani, kipelekwe kituo cha afya. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema hutibika.