Wakurdi na Mlango wa Tahakiki

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: Wakurdi watuhusu nini sisi watu wa pwani? Maulidi ya Barzanji uyasikiayo misikitini na majumbani, mtungaji wake ni Sayyid Jaafar, aliyekuwa mufti wa Kishafii mjini Madina katika karne ya 18, na nasaba yake yarejea katika kijiji cha Barzinja, upande wa Sulaymaniyah, katika nchi ya Wakurdi. Na wengi wa Wakurdi ni Mashafii kama sisi. Basi watu ambao twasoma maneno yao kizazi baada ya kizazi, haitudhuru kujua namna walivyozitumia akili zao.

Ugomvi juu ya falsafa kwao ni wa kale. Ibn as-Salah, bingwa wa elimu ya Hadithi, aliyezaliwa mwaka 1181 katika nchi ya Shahrazur, alitoa fatwa kali ya kuharimisha mantiki na falsafa. Zama zizo hizo aliishi Sayf ad-Din al-Amidi, mzaliwa wa Amid, mji uitwao leo Diyarbakir. Yeye alizama katika elimu hizo. Akatuhumiwa katika itikadi yake mjini Cairo hata akahama, na baadaye akaondolewa katika madrasa aliyokuwa akisomesha mjini Damascus. Vitabu vya wote wawili vyasomwa hata leo.

Kisha, mwanzo wa karne ya 17, aliingia Damascus mwanachuoni wa Kikurdi, Mulla Mahmud, akasomesha hapo yapata miaka sitini. Al-Muhibbi, mwandishi wa tarikhi, ataja kwamba kwa mtu huyu ndipo ulipofunguliwa mlango wa tahakiki mjini humo. Na tahakiki si kuhifadhi kauli ya mkubwa. Ni kuitia kauli ile katika mizani, ukauliza dalili yake ni ipi, hoja yafuatana au yakatika, na mpinzani atajibu nini. Yamkini mtu akamaliza kwa kuikubali kauli ile ile ya mwanzo, lakini ataikubali kwa kujua. (Mimi nalihifadhi matini nyingi utotoni, wala sijuti, ila siku mwalimu wangu aliponiuliza "kwa nini?" ndipo nilipotambua kuwa nilikuwa sijasoma.)

Lakini elimu hiyo ilikaa wapi? Ilikaa katika hujra za misikiti, ambako mwanafunzi alianza mantiki kwa Isaghuji ya al-Abhari, na waalimu wakajibizana pambizoni mwa vitabu, hashiya juu ya hashiya, kwa Kiarabu. Mchunga kondoo na muuza nguo hawakupata kitu. Ahmad Khani aliliona hilo. Mwaka 1683 akawatungia watoto kamusi ya mashairi ya Kiarabu na Kikurdi. Ni hatua njema, lakini kamusi haijawa mjadala.

Gazeti la kwanza la Kikurdi, Kurdistan, lilitoka tarehe 22 Aprili 1898, tena si Kurdistan bali Cairo. Jarida la Hawar, la Celadet Bedir Khan, lilitoka Damascus kati ya 1932 na 1943. Gelawêj likatoka Baghdad kati ya 1939 na 1949. Tazama jambo hili: watu hawa walilazimika kufikiri kwa lugha yao wakiwa nje ya miji yao. Nchini Uturuki, sheria ya mwaka 1983 ilizuia kutangaza na kuchapa kwa Kikurdi, na haikufutwa ila mwaka 1991.

Mwaka huo huo Wakurdi wa kaskazini ya Iraki walianza kujitawalia mambo yao. Mwaka 1998 mshairi Sherko Bekas aliasisi nyumba ya uchapaji ya Sardam mjini Sulaymaniyah. Waandishi waliohamia Ulaya, kama Bakhtiyar Ali na Mariwan Wirya Qani, walishiriki katika jarida la Rahand, wakaihakiki jamii yao wenyewe pasi na kuionea haya. Na hapa ndipo penye uzito. Kufasiri kitabu cha falsafa ni kazi nusu. Nusu ya pili ni kumpata wa kukijibu, na wa kumjibu huyo, mbele ya wasomaji. Ndiyo hashiya ya kale, ila sasa imetoka hujrani. Tena baadhi ya nyumba za uchapaji huko zaegemea vyama vitawalavyo, na ni vigumu kumhakiki akulipiaye karatasi.

Liko na tatizo la herufi. Kitabu kipigwacho chapa Sulaymaniyah huandikwa kwa herufi za Kiarabu na kwa lahaja ya Kisorani. Kijana wa Diyarbakir husema Kikurmanji na husoma kwa herufi za Kilatini. Wote ni Wakurdi, na hoja ya mmoja haimfikii mwenziwe mpaka apatikane wa kuinukuu upya. Sisi wenyewe tuna tenzi za wazee wetu masandukuni, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wajukuu zao wazifunua na kuzifunika.