Neno Buluu na Asili Yake

Tazameni juu siku isiyo na mawingu. Rangi ile mnayoiona mbinguni twaiita buluu, na wengine huandika bluu. Ni neno dogo, nasi hulitamka kila siku pasipo kulifikiri. Lakini mwanafunzi mmoja alilifikiri alipokuwa akijifunza sarufi. Akainua mkono, akasema, "Mwalimu, ikiwa neno buluu limetoka kwa Waingereza, babu zetu ambao hawakuwajua Waingereza waliiitaje rangi ya mbingu? Au hawakuiona?"

Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka, maana swali lile limewahi kuwashinda watu wazima wenye elimu nyingi, na wengine walilijibu vibaya, wakawadharau mataifa mazima kwa sababu ya jibu lao. Basi na tulichunguze taratibu.

Kwanza tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiko swali lilikotoka. Twasema kitabu cheupe, mayai meupe, mti mweupe, nyumba nyeupe. Neno hili hubadilika mwanzoni lifuatane na jina. Vivyo hivyo twasema cheusi na meusi, chekundu na mekundu. Lakini hakuna asemaye "kitabu chebuluu." Twasema kitabu cha buluu, mayai ya buluu. Jaribuni rangi nyingine zote mzijuazo, mtaona kwamba ni tatu tu zinazobadilika hivyo: -eupe, -eusi na -ekundu. Hizi ndizo wenyeji wa nyumba. Nyingine ni wageni, au ni majina ya vitu yaliyopewa kazi ya pili. Kijani latokana na jani. Kijivu latokana na jivu. Kahawia latokana na kahawa. Manjano ni ile bizari itiwayo katika mchuzi, na zambarau ni lile tunda liachalo alama ulimini. Hata rangi nyekundu iliyokoza na kuelekea weusi ina jina lake, nalo ni damu ya mzee, jina ambalo asiyelizoea hushtuka alisikiapo dukani. Na neno lenyewe rangi lilitoka Uajemi na Bara Hindi, ambako husema rang.

Sasa, je, mtu mwenye maneno matatu ya rangi huona rangi tatu tu? Kulikuwako Mwingereza aliyeitwa William Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne. Mwaka 1858 alitoa kitabu kikubwa juu ya Homer, mshairi wa Wayunani wa kale. Alipozihesabu rangi katika mashairi yale alistaajabu. Nyeusi na nyeupe zilitajwa mara nyingi sana, nyekundu mara chache zaidi. Lakini bahari ilifananishwa na mvinyo, wala mbingu haikuitwa buluu hata mara moja. Gladstone akafikiri kwamba macho ya Wayunani wa kale yalikuwa hayajakomaa katika kupambanua rangi. Mwaka 1877 tabibu wa macho wa Ujerumani, Hugo Magnus, aliyafuata mawazo kama hayo, akasema kwamba wanadamu walijifunza kuona rangi moja baada ya moja.

Mnaona hatari ya mawazo haya. Ikiwa macho ya Wayunani wa kale hayakukomaa kwa kuwa walikosa neno, basi mtu angeweza kusema vivyo hivyo juu ya Mwafrika, au mtu wa visiwani, au mtu yeyote ambaye lugha yake haina neno la buluu. Lakini Magnus alifanya jambo moja jema: alitaka kujaribu. Alipeleka maswali na karatasi za rangi kwa wamisionari, wafanya biashara na matabibu waliokaa nchi za mbali, ili wawaulize wenyeji. Majibu yaliporudi, yalionyesha kwamba watu wa mataifa mengi hawakuwa na majina mbalimbali ya kijani na buluu, lakini walipowekewa vipande viwili mbele yao walivipambanua pasipo shida. Macho yalikuwa mazima. Mwaka 1880 Magnus mwenyewe aliyatangaza majibu hayo, ingawa hayakulingana na aliyoyasema kwanza.

Rudini sasa kwa babu zetu wa pwani. Neno -eusi katika Kiswahili cha kale lilikuwa pana kuliko mnavyolitumia darasani. Lilitaja kila rangi iliyokoza giza, na buluu iliyokoza ilikuwa ndani yake. Ushahidi upo katika kaniki, nguo ile ya pamba ambayo wanawake waliivaa siku nyingi, hasa katika kazi. Kaniki ilitiwa rangi ya buluu nzito, nayo iliitwa nyeusi. Hakuna mama aliyekosea kaniki yake akachukua nguo iliyopakwa masizi. Alijua tofauti, ila hakuhitaji neno la rangi, maana alikuwa na neno la nguo. Vivyo hivyo nahodha aliyezoea bahari hutambua kwa rangi ya maji mahali penye mchanga, mahali penye mwamba na mahali penye kilindi. Kama angekosea, chombo kingevunjika.

Tena si kweli kwamba Waswahili hawakuwa na neno lolote la buluu kabla ya neno la Kiingereza. Walikuwa nayo mawili, nayo yote mawili ni wasafiri. La kwanza ni samawati, au samawi. Katika Kiarabu samaa ni mbingu, basi rangi ya samawati ni rangi ya mbingu, kama vile kijani ni rangi ya jani. Ndiyo maana kito cha buluu huitwa yakuti samawi.

La pili ni nili, nalo lina habari ndefu zaidi. Nili ni mmea mdogo wenye majani ambayo hayana buluu hata chembe ukiyatazama. Majani hulowekwa majini mpaka yachachuke, kisha maji yale hupigwapigwa kwa makasia au kwa miti ili hewa iingie. Ndipo unga wa buluu hutokea na kuzama chini, nao hukusanywa, hukatwa vipande na kukaushwa. Mtia rangi anapoichovya nguo katika chungu cha nili na kuitoa, nguo huonekana ya kijani kibichi chenye manjano; lakini ikiisha kupata hewa kitambo kidogo hugeuka buluu mbele ya macho yako. Nimewahi kusikia watu wakiita jambo hilo uchawi. Si uchawi, ni kazi ya hewa.

Watu wa Bara Hindi waliiita nila tangu zamani sana, na neno hilo kwao lilikuwa na maana ya giza giza: buluu iliyokoza, au hata nyeusi. Angalieni jinsi linavyofanana na -eusi yetu. Waajemi na Waarabu walilichukua wakasema nil, nasi tukasema nili. (Msidhani kwamba ni jina moja na la mto Nile; yafanana kwa sauti tu.) Wareno waliotumia neno la Waarabu hawakujua kwamba an mwanzoni si sehemu ya jina, wakasema anil. Na Wayunani, kwa kuwa dawa hiyo iliwajia kutoka India, waliiita kitu cha India, nalo ndilo neno ambalo kwa Kiingereza limekuwa indigo.

Rangi hii ilileta mali, ilileta na machozi. Katika nchi ya Bengal, wakulima walilazimishwa na wenye mashamba wa Kizungu kupanda nili mahali pa mpunga, kwa malipo yasiyowatosha. Mwaka 1859 walikataa, pakawa na fitina kubwa. Lakini lililoyamaliza mashamba yale lilikuwa jambo jingine. Mjerumani Adolf von Baeyer alifaulu mwaka 1880 kuitengeneza nili pasipo majani, na tangu mwaka 1897 viwanda vya Ujerumani vikaiuza kwa wingi. Mashamba ya nili yakapungua upesi.

Twendeni sasa Ulaya, tuone kama wao walilitoa neno lao nyumbani. Warumi wa kale walikuwa na neno lao, caeruleus. Lakini mataifa yaliyorithi lugha ya Warumi hayakulishika kwa kazi ya kila siku. Wahispania na Wareno husema azul, na Waitalia husema azzurro. Neno hilo latoka mbali, katika milima ya Badakhshan, nchi ambayo leo ni ya Afghanistan, ambako huchimbwa jiwe la buluu tangu miaka elfu nyingi. Waajemi waliliita jiwe hilo lajvard, na Waarabu wakasema lazaward. Watu wa Ulaya walipolisikia walidhani l ya mwanzo ni ile al ya Waarabu iliyokatika, wakaitupa, wakabaki na azur. Wareno waliongeza herufi katika anil, na hapa Ulaya ikapunguza herufi katika azul. Wachora picha wa Ulaya walilisaga jiwe hilo kupata rangi yao bora, nayo iliitwa rangi ya ng'ambo ya bahari, maana ilitoka ng'ambo kweli, nayo ilikuwa ghali mno.

Na Waingereza je? Blue yao ilitoka kwa Wafaransa, ambao husema bleu. Wafaransa nao hawakuipata kwa Warumi, bali kwa Wafranki, taifa la Kijerumani lililoitawala nchi yao, na Wajerumani mpaka leo husema blau. Basi neno lililotufikia sisi kama la Kiingereza lilikuwa la kuazima kule lilikotoka, na waliowaazima waliliazima pia. Mwanafunzi yule wa sarufi aliposikia haya aliuliza, "Basi nani aliye na neno lake mwenyewe?" Swali zuri, ila kwa habari ya buluu jibu lake hupungua kila uchunguzapo.

Tena lugha haziugawi uwanja wa rangi kwa mipaka ileile. Wazulu husema luhlaza kwa kijani na kwa buluu pia. Wakitaka kupambanua husema luhlaza kama majani au luhlaza kama mbingu. Wajapani wana neno ao ambalo maana yake ni buluu, lakini taa ya barabarani iruhusuyo magari kupita, ambayo sisi twaiita ya kijani, wao huiita ao. Warusi, kinyume cha hao, hawatosheki na neno moja: buluu nyepesi ni goluboy na buluu nzito ni siniy, na kwao hizo ni rangi mbili, kama kwetu nyekundu na nyeusi zilivyo mbili. Mrusi angeweza kutuuliza, "Je, ninyi hamwoni tofauti?" Twaiona. Ila tumezoea kusema nzito na nyepesi, basi.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu baada ya kulinganisha lugha 98. Walisema kwamba lugha yenye maneno mawili tu ya rangi huwa na ya weupe na ya weusi. Ikiwa na la tatu, huwa wekundu. Ndipo hufuata kijani na manjano, na buluu huja baada ya hizo. Wataalamu waliokuja nyuma wamesahihisha mambo mengine katika kitabu hicho. Lakini zitazameni tena zile tatu zetu zinazobadilika, -eupe, -eusi na -ekundu, mwone jinsi zinavyopatana na mwanzo wa orodha yao. Weupe na weusi ni mchana na usiku, na wekundu ni damu na moto. Buluu ni ya mbingu, ambayo hakuna awezaye kuichota, na ya bahari, ambayo ukiyachota maji yake kiganjani huna rangi yoyote mkononi. Jina likawa halina haraka, mpaka watu walipopata nguo, jiwe au unga wa buluu wa kuuza na kununua.

Maswali

1. Andikeni majina kumi ya vitu pamoja na -ekundu, kisha pamoja na buluu. Tofauti ni nini?
2. Kwa nini kaniki iliitwa nyeusi?
3. Elezeni jinsi herufi zilivyoongezwa katika neno anil na kupunguzwa katika neno azul.
4. Waulizeni wazee wa kwenu jinsi lugha ya nyumbani inavyoitaja rangi ya mbingu, rangi ya majani mabichi na rangi ya kaniki. Je, ni maneno matatu, mawili au moja?