NGUZO TATU ZA POZZUOLI
(Somo la Jiografia)

Wanafunzi wenzangu, katika somo la Jiografia twafundishwa ya kuwa nchi kavu hupanda na kushuka. Wengi wetu huyaandika maneno hayo daftarini tukidhani ni mambo ya kale mno, yasiyoweza kuonekana na mtu. Mwezi wa Juni mwaka 2024 nilipata bahati ya kuyaona kwa macho yangu katika pwani ya Italia, na hapa nitayaeleza kadiri nilivyoyafahamu.

Baba, mama, dada yangu na mimi tulikwenda kumtembelea baba mdogo, ambaye amekaa huko miaka mingi akifanya kazi ya upishi. Nyumba yake iko Pozzuoli, mji wa bandari ulio magharibi ya Napoli. Kwa muda wa majuma mawili tulitembea pwani ile. Tuliona Pompei, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79. Lakini habari za Pompei zimo katika vitabu vingi. Mimi nataka kueleza Pozzuoli.

Soko la Kale

Karibu na bandari kuna uwanja ulio chini kuliko barabara, umezungushiwa vyuma. Zamani za Warumi hapo palikuwa soko. Lilifukuliwa mwaka 1750, na kwa kuwa sanamu ya mungu wao Serapis ilipatikana humo, watu walidhani ni hekalu. Nguzo tatu za marumaru zingali zimesimama, kila moja yapata mita 12 kwenda juu.

Ukizitazama vizuri utaona sehemu tatu. Chini, kwa zaidi ya mita 3, jiwe ni laini. Juu yake, kwa karibu mita 3 nyingine, jiwe lina matundu mengi kama ubao ulioliwa na wadudu. Kutoka hapo hata juu, jiwe ni laini tena. Matundu hayo yalichimbwa na namna ya chaza ambaye Waitaliano humwita "tende ya bahari", maana umbo lake na rangi yake ni kama tende. Chaza huyu huishi katika maji ya bahari tu. Hutoboa mwamba akakaa ndani yake.

Basi na tufikiri pamoja. Warumi hawakujenga soko ndani ya bahari. Kwa hiyo baada ya soko kujengwa nchi ilishuka, na maji yakazifunika nguzo mpaka pale matundu yanapokoma. Sehemu ya chini ilikuwa imefukiwa na mchanga na kifusi, ndiyo sababu chaza hawakuifikia. Kisha nchi ikapanda, na nguzo zikatoka majini zikiwa wima. Mtaalamu Charles Lyell, mzaliwa wa Scotland, aliweka picha ya nguzo hizi mwanzoni mwa kitabu chake cha elimu ya miamba cha mwaka 1830.

Ng'ambo ya ghuba, mahali paitwapo Baia, tulipanda mashua yenye vioo chini. Tuliona sakafu na kuta za majumba ya matajiri wa Kirumi, na samaki wakipita juu yake. Huko nchi ilishuka isirudi.

Sababu Yake

Pozzuoli umejengwa ndani ya bonde kubwa la volkano liitwalo Campi Flegrei. Mlipuko mkubwa ulitokea hapo yapata miaka 40,000 iliyopita. Wa mwisho ulikuwa mwaka 1538, na katika muda wa juma moja hivi ukajenga kilima kizima, Monte Nuovo, maana yake Mlima Mpya. Gesi na maji ya moto vilivyo chini ya ardhi husukuma juu kama mvuke uinuavyo kifuniko cha sufuria. Nguvu ikipungua, ardhi hutua.

Kati ya mwaka 1982 na 1984 nchi ilipanda kwa kadiri ya mita 1.8, na watu yapata 40,000 wakahamishwa. Tangu mwaka 2005 imeanza kupanda tena, na imekwisha zidi mita 1. Bandarini tuliona mashua zimekaa juu ya matope, mahali zilipokuwa zikielea.

Wanaoishi Juu Yake

Tarehe 20 Mei 2024, kabla hatujafika, palitokea tetemeko la nguvu ya 4.4. Katika jiko la baba mdogo tulikuta ufa ukutani unaoingia kidole. Baba aliutazama, akasema, "Ndugu yangu, hapa si mahali pa kulea watoto. Hama."

Baba mdogo akajibu, "Kaka, kazi yangu iko hapa, na shule ya watoto iko hapa. Nikihama Napoli, kodi itanishinda. Hebu tazama mlangoni."

Mlangoni palikuwa na mkoba wenye hati zao, dawa, tochi na viatu. Binti yake wa miaka tisa alitueleza pasipo kusita mahali watu wa mtaa wao wanapokusanyika, na njia ya kwenda huko. Alifundishwa shuleni. Wataalamu wa kituo cha Osservatorio Vesuviano, kilichoanzishwa mwaka 1841, huipima ardhi ile usiku na mchana.

Baba hakuridhika, na mpaka leo akipiga simu humwuliza ndugu yake habari za ufa ule. Yafaa tukumbuke ya kuwa karibu watu nusu milioni wanakaa katika eneo la hatari, na kila nyumba ina hesabu kama hiyo ya kufanya.

Maswali

1. Kwa nini sehemu ya chini ya nguzo haina matundu?
2. Twajuaje ya kuwa nchi ndiyo iliyopanda, wala si bahari iliyokauka?
3. Kama ungekuwa baba mdogo, ungehama au ungekaa? Toa sababu zako.