SOMO LA MWEZI: PICHA ISIYOMALIZIKA
Someni: Mathayo 2:1-12, Ayubu 2:11-13, 1 Wakorintho 13:9-12



Kila mwaka katika Epifania twasoma habari za Mamajusi. Mwezi huu tutajifunza habari hizo kwa kutazama picha moja, ambayo aliyeianza hakuimaliza. Yatupasa kujiuliza: kitu kisichomalizika twawezaje kukifasiri?

1. Habari za picha

Mwezi wa Machi 1481, watawa wa San Donato a Scopeto, nje ya kuta za mji wa Florence katika Italia, walimwagiza Leonardo da Vinci awachoree picha ya Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu. Wakati huo Leonardo hakuwa ametimiza miaka 30. Walipatana aimalize kwa miezi 24, au isizidi 30. Akaanza kazi juu ya mbao zilizounganishwa, karibu mita mbili na nusu kila upande. Lakini kabla ya kumaliza akahamia Milan, wala hakuirudia. Watawa walingoja miaka mingi, mwisho wakapata picha nyingine kutoka kwa Filippino Lippi, aliyeimaliza 1496. Ile ya Leonardo ipo mpaka leo, katika jumba la Uffizi huko Florence.

2. Yanayoonekana

Katikati ameketi Mariamu na Mtoto. Mbele yao Mamajusi wamepiga magoti. Watu wengi wamewazunguka, wengine wakishangaa, wengine ni vivuli tu, kwa maana sehemu kubwa ya picha ina rangi ya udongo, na rangi nyingine hazikuwekwa kamwe. Huko nyuma pana mambo ya ajabu: jengo lililobomoka lenye ngazi, na upande wa pili wapanda farasi wakipigana. Mathayo hataji magofu wala vita hivi. Yote yamekaa pamoja kama mambo ya ndotoni, yasiyotoa sababu ya kukutana kwao.

3. Yaliyosemwa juu yake

Watu wengi wamesema magofu yale ni ulimwengu wa kale unaoanguka Kristo anapozaliwa, na wale wapiganaji ni wanadamu ambao bado hawajapata habari zake. Tafsiri hiyo ni nzuri, nasi twaipenda. Lakini kati ya mwaka 2011 na 2017 mafundi wa Florence waliisafisha picha, wakaondoa vanishi za zamani zilizoitia giza. Hapo wakaonekana vizuri zaidi watu wadogo juu ya magofu, wakifanya kazi ya kujenga. Kumbe palipodhaniwa ni mahali pa kuanguka tu, pana na mafundi wanaoinua kuta! Tafsiri ya kwanza haikuwa uongo. Ilikuwa ya haraka.

Leonardo mwenyewe aliwashauri wachoraji watazame kuta zenye madoa, kwa kuwa humo wataona milima, mito, vita na nyuso za watu. Mwaka 1925 Max Ernst, mmoja wa wale wachoraji wa mambo ya ndoto waitwao wasurealisti, alizitazama hivyo mbao za sakafu akapata picha nyingi, naye akalikumbuka shauri hilo. Kwa mchoraji jambo hili ni msaada. Kwa mfasiri ni onyo, maana ukutani kila mtu huona aliyokuja nayo moyoni. Na picha isiyomalizika ni kama ukuta ule: mchoraji aliponyamaza, sisi huanza kusema, kisha twasema ni yeye aliyesema.

4. Somo letu

Ndugu, kosa hili si la watazamaji wa picha peke yao. Sisi wenyewe tumelitenda. Alifariki kijana wa mtaa wetu, akaacha nyumba haijaezekwa na mke mwenye mimba. Tulikwenda kufariji. Mmoja wetu akasema Mungu alimhitaji zaidi. Mwingine akasema ni onyo kwa ukoo ule. Mjane hakujibu neno. Baadaye alitueleza kwamba maneno yetu yalimuumiza kuliko kilio, na kwamba aliyemfaa ni bibi mmoja aliyekaa naye kimya, akamchotea maji na kumpikia uji.

Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi naye bila kusema. Walianza kukosa walipofungua vinywa na kumfasiria msiba wake. Naye Mtakatifu Paulo akiri kwamba kwa sasa tunajua kwa sehemu tu.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, tutazame kwa uvumilivu kabla ya kusema. Pili, tutenge tunaloliona na tunalolidhani. Nasi tukidhani, tuseme wazi kwamba ni dhana yetu. Tatu, tuanzie katikati. Katika picha ile mengi yamefichika, lakini Mtoto yupo na Mamajusi wanasujudu. Hayo hayana shaka. Vivyo hivyo, mbele ya maisha yaliyokatika, hatujui maana ya kila gofu, lakini twajua ni nani aliyekuja kukaa nasi. Hilo latosha kutuketisha karibu na mwenye uchungu, mikono yetu ikiwa na kazi na vinywa vyetu vikiwa na adabu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Ni wakati gani ulifasiri maisha ya jirani, kisha ukagundua hukutazama vizuri?
2. Katika msiba, ni maneno gani yalikufariji, na ni yapi yalikuumiza?
3. Yuko nani mtaani mwetu leo anayehitaji kuchotewa maji kuliko kuhubiriwa?

Sala: Ee Bwana, utupe macho yenye subira na ulimi mpole, mpaka siku utakapotuonyesha kazi yako imekamilika. Amina.