Kwa nini Supa hulala?

SWALI: Nikiweka urea, mpunga wangu wa Supa unarefuka halafu unalala kabla ya mavuno. Jirani yangu ana mbegu fupi, anaweka mbolea ileile na mpunga wake umesimama. Siri ni nini?
Mkulima, Kyela

JIBU: Mara nyingi siri ni jeni moja, SD1. Ndiyo inayoongoza kutengenezwa kwa kimeng'enya kinachosaidia kuunda jiberelini, homoni inayorefusha bua. Katika Dee-geo-woo-gen, mpunga mfupi wa Taiwan, jeni hiyo imepungukiwa herufi 383 za DNA. Homoni ikapungua, bua likabaki fupi na imara. Watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, waliuchanganya na Peta, mpunga mrefu wa Indonesia, wakatoa mbegu fupi ya IR8 mwaka 1966. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2002.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba masuke hayadhuriki: jeni nyingine ya ukoo huohuo huendelea kutengeneza homoni kwenye maua, kwa hiyo punje zinajaa kama kawaida.

Ukipenda kubaki na Supa kwa harufu yake, nami nakuelewa kabisa, punguza urea na uigawe kwa awamu, usiimwage yote kwa mkupuo mmoja.