Kafeini na Mtoto Mchanga

Kafeini hupatikana katika kahawa, majani ya chai, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na baadhi ya dawa za maumivu. Kikombe cha chai ya rangi huwa na takriban miligramu 50. Kahawa ya robusta, ilimwayo kwa wingi Kagera, huwa na kafeini karibu maradufu ya arabika.

Tuchukue mfano wa mama auzaye dagaa katika mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, mwenye mtoto wa wiki mbili. Jumatatu saa moja asubuhi anakunywa chai, na mtoto anaonjeshwa vijiko viwili. Ini la mama lina kimeng'enya kinachovunja kafeini. Ifikapo saa sita mchana, nusu yake imekwisha. Ini la mtoto bado halijakomaa, hivyo kafeini hutoka polepole kwa njia ya mkojo. Nusu ya aliyoonjeshwa inaweza kubaki mwilini hadi Alhamisi alasiri, yaani saa 80 hivi. Kwa mtoto njiti, muda huo unaweza kuwa mrefu zaidi.

Hatari iko katika kurudia. Vijiko vya Jumanne hukuta vya Jumatatu bado vimo, na kafeini hulundikana. Mtoto hukosa usingizi, hatulii, na anaweza kutetemeka. Uwezo wa ini huongezeka kadiri anavyokua, na kufikia miezi 6 hivi hukaribia ule wa mtu mzima.

Kwa hiyo, tunawashauri watumiaji kuzingatia yafuatayo:

1. Mtoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Hata baada ya hapo, chai haimfai, kwani hupunguza pia ufyonzwaji wa madini ya chuma.

2. Mama anyonyeshaye asiache kunyonyesha kwa hofu ya kafeini. Inayopita katika maziwa ni kidogo. Asizidishe miligramu 200 kwa siku, hasa miezi ya mwanzo.

3. Soma lebo za vinywaji na dawa kabla ya kununua.

4. Hospitalini, njiti huweza kupewa kafeini kama dawa ya kuwasaidia kupumua, kwa kipimo maalumu na uangalizi. Jambo hilo lisijaribiwe nyumbani.

5. Mtoto akionesha dalili tulizozitaja, mpeleke kituo cha afya, na umweleze mhudumu vyote alivyopewa.